Mzigo wa Cherehani wa Kwenda Usinge

Nilitoka Tabora kwa sababu ya gharama za kusafirisha mizigo. Nalisema hilo mapema kwa kuwa baadhi ya majirani zangu wa Gongoni walidhani nimekwenda kutembea ili nipunguze majonzi, na wengine waliona haipendezi mjane aliyetoka eda juzi kupanda basi peke yake. Lakini nilikuwa na biashara inayonifia mkononi, na nilitaka kujua ni nini hasa kinachoiua.

Biashara yenyewe ni ya cherehani za mtumba. Marehemu mume wangu, Rajabu, alizinunua Dar es Salaam na Mwanza zikiwa zimechoka, akazileta nyumbani, akazifungua, akazisafisha na kuzibadilisha vipuri. Kazi yangu ilikuwa kuzipiga picha, kuziweka mtandaoni, kujibu maswali ya wateja na kupatana nao bei. Wengi wa wateja hao wako magharibi, kwenye njia ile ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji: Urambo, Kaliua, Usinge, hadi Nguruka. Mteja akishakubali, Rajabu alipakia cherehani nzima kwenye pikapu, yaani kichwa, meza na miguu yake ya chuma, akampelekea hadi mlangoni. Hatukumtoza mtu senti kwa kupelekewa. Jambo hilo ndilo lililotupa jina, na kwenye ukurasa wetu niliandika kwa herufi kubwa kwamba usafiri ni bure.

Jioni moja alirudi kutoka Kaliua, akasema kifua kinambana na amechoka. Aliswali, akalala. Hakuamka.

Pikapu ilikuwa ya kwake na kaka zake, ikauzwa katika mirathi. Nilipokuwa ndani ya eda, shemeji yangu alinipelekea mizigo stendi, nikawa natuma kwa basi. Kondakta huitazama cherehani ilivyojitanua, halafu anataja bei kwa kukadiria nafasi itakayochukua kwenye buti. Kuna wapakiaji nao wanataka chao, na kule inakoshukia kuna pikipiki ya kuifikisha nyumbani kwa mteja. Yote hayo nilikuwa nikiyalipa mimi, kwa kuwa nilishaahidi. Mwisho nikajikuta nauza cherehani nzuri, wateja wanashukuru, na mimi sina cha kununulia nyingine.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka Usinge. Mtumaji alikuwa Kabula, kiongozi wa kikundi cha kina mama washonaji, ambaye nilikuwa sijawahi kumwona kwa macho. “Fundi Rajabu, mzigo umefika, lakini mguu umevunjika vipande. Umenifanyia nini? Wenzangu wanasema hawaagizi tena.” Hakuwa na habari kwamba Rajabu amefariki. Ukurasa ulikuwa bado na jina lake, na mimi sikuwa nimepata nguvu ya kuandika kitu. Nilimpigia Kabula mara nyingi, hakupokea. Kikundi chake kilikuwa kimeagiza cherehani nyingine kadhaa. Kama wangejitoa, sikuona sababu ya kuendelea.

Asubuhi ya safari, shemeji alinisindikiza stendi. Nilikuwa na mfuko wa nguo na kikapu, na ndani ya kikapu niliweka kichwa kimoja cha cherehani nilichokizungushia kitenge. Nilitumaini kumpoza nacho Kabula. Kondakta alikitazama, akaniambia nikisukume chini ya kiti. Hakutaja bei. Wiki hiyo hiyo, basi kama hilo lilikuwa limenitoza fedha nyingi kwa cherehani moja yenye miguu. Nililiona jambo hilo, nikalinyamazia, maana nilikuwa bado sijui la kulifanyia.

Nje ya mji, barabara inaingia kwenye miombo. Hapa na pale mizinga ya nyuki imetundikwa juu ya miti, na karibu na vijiji kuna mabani ya kukaushia tumbaku, mengine yakiwa yameanza kubomoka. Rajabu alikuwa akinisimulia njia hii kila aliporudi, ila kwenye masimulizi yake kulikuwa na vichekesho tu: kondoo waliokataa kupisha, mteja aliyejaribu cherehani mpya kwa kushona mfuko wa suruali ya mumewe ukafungika kabisa. Nilikuwa nikicheka nikimwandalia chakula. Sasa nilikuwa naipita mwenyewe na sikuona cha kuchekesha.

Urambo tulifika jua likiwa limeshapanda. Abiria walishuka kunywa chai, nami nikaulizia kwa Mama Hawa, mama lishe ambaye Rajabu alimtaja mara nyingi. Nilimkuta kwenye banda lake karibu na stendi, akikaanga maandazi. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni nani na kilichotokea. Aliepua karai kwanza, ndipo akaja kunishika mkono.

“Inna lillahi,” alisema. “Kwa hiyo mgongo ule haukupona.”

“Mgongo gani, mama?”

Alinitazama kama mtu anayepima kama aendelee au aishie hapo. “Hakukwambia? Akishapita kushusha vile vyuma, akifika hapa alikuwa akilala kwenye benchi lile. Analala chali, kimya, hata chai inapoa. Kuna siku alishindwa kuinama kunawa, nikamshikia birika.”

“Kwa nini hakutafuta mtu wa kumsaidia kushusha?”

“Nilimuuliza. Alisema akimlipa mtu, bei itapanda, na wewe umeshawaahidi watu.”

Hakulisema hilo kwa kunilaumu. Alilisema kama lilivyokuwa, akarudi kwenye maandazi yake kwa sababu abiria walikuwa wakisubiri. Mimi nilikaa kwenye lile benchi hadi honi ya basi ikaniita. Lilikuwa ubao tu uliopigiliwa juu ya magogo mawili.

Kaliua niliingia mchana. Gari la kwenda Usinge lilikuwa limeshaondoka, nikachukua chumba cha kulala wageni, na kabla ya magharibi nikaenda stesheni ya reli. Hapo palikuwa na mizigo iliyokuwa ikingoja treni: mahindi, karanga, madumu ya asali, magodoro. Wapagazi walikuwa wakiihamisha kutoka kwenye mkokoteni. Mmoja wao alikuwa mtu mzima, shingo imemvimba kwa kubeba magunia.

Sisi wa Tabora tumekua tukisikia habari za misafara. Tunaonyeshwa miembe na majengo ya zamani, tunaambiwa mji wetu ulivyokuwa njia panda ya biashara. Pale stesheni nilijikuta nikiwaza zile pembe za ndovu na majora ya nguo. Vilipita nchi hii kwa miguu ya watu, wengine kwa ujira mdogo, wengine wakiwa watumwa. Mfanyabiashara aliyekaa mjini huenda aliona kusafirisha ni rahisi. Urahisi huo ulikuwa umebebwa na watu wengine njiani, na wengi wao hawakufika mwisho wa safari.

Karani wa mizigo alikuwa dada mpole. Nilimweleza shida yangu, naye akakitazama kikapu.

“Sisi tunapima kwa mizani,” aliniambia. “Kama chote unachopeleka ni kama hiki, weka vingi kwenye kasha moja la mbao, ulifunge vizuri. Kasha moja, stakabadhi moja, mpokeaji mmoja. Vitu vilivyotawanyika tawanyika ndivyo vinavyokula pesa na ndivyo vinavyovunjika.”

“Na miguu yake?”

“Hiyo miguu, dada yangu, sijui. Ni chuma kitupu.”

Kesho yake asubuhi nilifika Usinge. Nilielekezwa kwa Kabula na mtu wa kwanza niliyemuuliza. Ni mama mrefu wa makamo, na alikuwa uani akipiga pasi mashati ya shule.

“Mwangaluka,” nilimsalimu kwa salamu ya kwao.

Aliitikia, akaniangalia kuanzia kikapu hadi usoni.

“Natoka Tabora, kwa Fundi Rajabu.”

“Yeye mwenyewe kaona haya kuja?”

“Amefariki, dada. Mimi ni mke wake.”

Aliisimamisha pasi. “Lini?”

“Kabla ya mzigo wako kutumwa. Ule niliufunga mimi.”

Kabula alikaa chini kwenye ngozi iliyokuwa kando ya meza, akajifunika mdomo kwa kanga. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Na mimi nilimtukana kwenye simu.”

“Yalinifikia mimi. Na mzigo wako ulivunjika kweli.”

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda na maji ya kunawa. Alimwita mumewe, Daudi, ambaye ni seremala, akamweleza kwa Kinyamwezi. Daudi alivua kofia, akanipa pole, na tukakaa watatu bila kuzungumza biashara kwanza. Alinisimulia jinsi Rajabu alivyokuja mara ya mwisho, akakataa kusaidiwa kushusha, akasema mteja habebi mzigo wake.

Baadaye Kabula alinipeleka kwenye chumba cha kushonea. Cherehani yangu ilikuwa pale, juu ya meza ya mninga, imefungwa mkono wa kuzungushia.

“Kichwa kilikuwa kizima,” alisema. “Nina sare za shule za kushona, nisingeweza kukaa nikilia. Daudi akatengeneza meza, na mkono nikautoa kwenye cherehani kuukuu ya shangazi. Inashona, ila taratibu. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unashika kitambaa. Wenzangu wanataka ya miguu.”

Daudi alikuwa ameinama akikagua vipande vya ule mguu uliovunjika. Gurudumu la chini na pedali vilikuwa salama. “Nikiwa na hivi,” alisema, “fremu yote naweza kuifanya kwa mbao. Hapa mbao si shida. Ila nitahitaji kujaribu, sijawahi.”

Alijaribu siku ile ile. Fremu ya kwanza ilitikisika hata uzi ukawa unakatika. Aliifungua, akaongeza mbao ya kukaza chini, akasogeza pedali nyuma. Karibu na alasiri Kabula aliketi, akakanyaga, na mshono ukatoka umenyooka. Aligeuza kitambaa akatazama upande wa pili, akaendelea kushona hadi akamaliza kola.

Hapo ndipo tulipokaa kupanga. Mimi nitatuma vichwa, magurudumu na pedali, vyote ndani ya kasha moja, nikijazia vipande vya vitambaa ili visigongane. Kasha litakuja kwa treni kwa jina la Kabula. Daudi atatengeneza meza na fremu, mteja atamlipa yeye hapa hapa. Na kasha halitarudi tupu: kikundi kitalijaza madumu ya asali, niiuze Tabora kwa wateja wangu wa mtandaoni, tugawane gharama ya kurudi.

“Na kutoa kasha stesheni hadi hapa?” Kabula aliuliza.

“Si mbali,” nilisema. “Labda Daudi akipita...” Nililiona lile benchi la Urambo. Daudi alikuwa akinisubiri nimalize, na uso wake ulikuwa wa mtu atakayekubali. “Atalipwa,” nilisema. “Na ataleta mwenzake wa kushika upande wa pili, naye alipwe.”

“Wenzangu watauliza mbona zamani ilikuwa bure.”

“Waambie haikuwa bure.” Nikawasimulia aliyoniambia Mama Hawa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasema kwa sauti, na nililia mbele yao, jambo ambalo sikuwa nimelifanya mbele ya wageni tangu msiba.

Kile kichwa cha kikapuni nilimwachia Kabula, na kurudi nilipanda treni. Ilipita Usinge mchana, imechelewa, imejaa. Nilipata kiti karibu na mama mmoja wa Nguruka aliyekuwa akimpeleka binti yake hospitali, tukazungumza kidogo, kisha kila mmoja akabaki na lake. Baada ya Kaliua, simu iliposhika mtandao, nilifungua ukurasa wetu. Niliondoa lile neno la bure. Niliandika kwamba Rajabu amefariki, kwamba biashara inaendelea, na kwamba kuanzia sasa mzigo utaishia stesheni na bei ya kuufikisha itatajwa wazi. Nilijua nitapoteza baadhi ya wateja, na kweli niliwapoteza.

Nyumbani nilikuta watu wameanza kutuma rambirambi. Ujumbe mmoja wa sauti ulitoka kwa mshonaji mmoja wa Nguruka, mteja wetu wa zamani. Alisema masika moja gari lilishindwa kuvuka korongo, Rajabu akabeba cherehani yake mgongoni, kichwa kwanza, kisha akarudi kufuata miguu, maji yakiwa juu ya magoti. “Alinisihi nisikuambie,” alisema yule mama. “Alisema utaacha kuuza kwa watu wa mbali.”

Kikundi cha Usinge kilirudi kuagiza. Nilifunga kasha la kwanza mwenyewe, na shemeji akatafuta watu wawili wa kulipakia. Gharama imeshuka, ingawa si kwa kiasi nilichokiota nikiwa ndani ya basi la kwenda. Nimejifunza kutosafirisha chuma kinachoweza kubadilishwa na mbao za huko huko, kukusanya mizigo, kutumia mizani badala ya macho ya kondakta, na kutorudisha kasha tupu. Haya yote yanapunguza gharama. Ile inayobaki baada ya hapo siipunguzi tena, kwa sababu iko mgongoni mwa mtu.