Mbegu Kwenye Ungo wa Mama

Mama yangu hajawahi kupika wali wenye jiwe. Hilo nalisema mbele ya mtu yeyote. Tulipokuwa wadogo, shambani kule upande wa Mbulu, alikuwa akikaa mlangoni na ungo mapajani, na majirani wakiwa na sherehe walimletea maharage yao ayachambue. Kwa hiyo mnielewe: mkate niliomnunulia mwaka jana ulimkosea adabu.

Mambo yalianzia kliniki. Mama anaishi nasi hapa Karatu tangu Baba alipofariki, na siku hiyo alikutwa na kisukari, tena kimepanda. Muuguzi akamweleza taratibu kwamba ndicho kinachomtia kiwi machoni. Kikishuka, macho yanaweza kupata nafuu. Kisiposhuka, anaweza kuyapoteza kabisa. Mama akajibu kwamba macho yake hayana neno. Akapewa dawa, akaambiwa aachane na sukari kwenye chai, ugali wa sembe na mkate mweupe. Dawa alikubali. Sukari aliiacha kwa kununa. Kuhusu mkate mweupe alinyamaza, na mimi namjua, akinyamaza amekataa. Slesi tatu za kuchovya kwenye chai ndiyo starehe yake pekee. Pombe hanywi, na umbea ni wa kiasi tu.

Mimi ni dereva wa watalii. Siku nyingi za juma napita geti la Ngorongoro na kushuka kreta, na kwa miaka nimeona wageni wakifungua lanchi boksi zao na kutafuna mikate ya kahawia iliyojaa mbegu. Nilikuwa nawahurumia. Sasa nikaenda mwenyewe kwenye bekari inayopelekea lodji mikate hiyo, nikanunua mmoja. Ulikuwa mzito kama tofali bichi. Mwokaji akanihakikishia kwamba una ngano isiyokobolewa, ulezi na mtama, pamoja na mbegu za maboga, alizeti na ufuta. Nikaufikisha nyumbani kwa maringo.

Asubuhi nikamkuta Mama mezani, ungo mapajani. Mkate wote ameshaukata slesi, kaziweka ungoni, na slesi zimejaa mashimo.

“Mwanangu, huyo mwokaji wako hakupepeta ngano yake,” akasema bila kuinua kichwa. “Nimemtolea uchafu. Mbegu nzuri nimezitenga, mrudishie akapande.”

Kweli, kando kulikuwa na kisosi cha mbegu zilizopangwa kwa aina. Nilicheka mpaka chai ikanipitia puani. Nikamwambia hizo ndizo mwokaji alizonilipisha, na tena zimeokwa, haziwezi kuota. Mama akakasirika. Akaniuliza kama elimu niliyopewa ilikuwa ya kumchekea mama.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameinama anaangalia ungo. Akanigusa mkono, akanionyesha kwa kidole. Mbegu za maboga zilikuwa zimetoka zote, na za alizeti vilevile, lakini ufuta ulikuwa umebaki palepale kwenye kila slesi, mweupe, umetapakaa. Nikaangalia vidole vya Mama. Vilikuwa vinapapasa. Mama alikuwa anachambua kwa kugusa.

“Nifungulie pazia,” akasema. “Leo ukungu ni mzito.”

Pazia lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mahindi ya jirani. Nilisema nakwenda kuangalia gari, nikasimama nje nimeshika boneti, naogopa kama sijawahi kuogopa hata mbele ya nyati.

Niliporudi nilikuwa mkali, kwa sababu mimi nikiogopa huwa mkali. Nikamwambia Mama atakula mkate huu na uchafu wake wote. Akaniangalia, au tuseme aliangalia upande wangu, akasema sawa, lakini na mimi nitakula. Kitambi changu hakikuhitaji macho mazuri ili kuonekana. Hakuna tena chipsi mayai, hakuna chapati, hakuna soda. Nikakubali mbele ya shahidi, yaani mke wangu, na nikajuta kabla ya saa nne.

Basi tukaanza. Asubuhi mkate wa mbegu na chai isiyo na sukari, ambayo Mama aliita maji ya kuoshea vikombe. Mchana mkate na maharage. Jioni, ugali wa dona usipopikwa, mkate na mboga ya majani ya maboga. Alipouchovya kwenye chai mbegu zilizama, akazivua kwa kijiko huku akilaumu bekari. Mwezi wa pili nilimsikia akimwambia jirani kwamba mkate mweupe ni povu tu, mtu anakula hewa. Aliyasema kama mtu aliyezaliwa akiyajua.

Na kila Jumamosi kulikuwa na mtihani. Aliubuni mke wangu. Slesi moja inawekwa kwenye ungo, karibu na dirisha, na Mama anataja anachokiona, mikono ameikalia ili isidanganye. Jumamosi za mwanzo aliona za maboga tu, tena akibahatisha. Tulikuwa tunampigia makofi kwa nguvu kuliko ilivyostahili. Mimi nilikuwa natoka nje mara nyingi siku hizo.

Alizeti zilikuja mwezi wa tatu. Kliniki nako kipimo kilikuwa kimeshuka, muuguzi akatabasamu, Mama akamwambia yeye alishasema macho hayana neno.

Ikafika Jumamosi moja nilipotoka kupeleka wageni getini asubuhi na kurudi mapema. Nikakuta ungo uko tayari. Mama akakalia mikono yake, akainama. Akasogeza uso mpaka karibu na slesi, nami nikawa nimeshajiandaa kupiga makofi ya uongo.

“Huu hapa ufuta,” akasema. “Punje moja pembeni, mbili hapo katikati. Na hii imevunjika.”

Mke wangu akainama kuhakikisha. Imevunjika kweli. Hakuna aliyepiga makofi.

Mama akainua kichwa akitabasamu, akanitazama, safari hii mimi hasa, akaanzia usoni, akashuka polepole mpaka kwenye kola ya sweta langu la kazi. Akaacha kutabasamu.

“Na hiyo chapati umekula wapi?”

Nikajishika kola. Kulikuwa na kipande kimoja, si kikubwa kuliko ufuta. Nilitaka kukana, nikajikuta nakipangusa. Mke wangu akaanza kunifokea, Mama akaanza kunifokea, na mimi nikakaa chini nalia na kucheka, nawaambia ndiyo, nimekula, tena mbili, kule getini.