Jicho Moja Kwenye Mstari wa Chupa

Ndugu zangu, mimi ni fundi wa maabara hapa Lubumbashi. Ninachanganya asidi na maji kwa kipimo kamili, kwa ajili ya kupimia mawe ya shaba. Nilijivunia mkono wangu. Wenzangu walinitania kwamba hata chumvi ya mboga naipima kwa mizani.

Asubuhi moja, mwenzangu wa meza ya pili alimimina maji juu ya asidi, badala ya asidi ndani ya maji. Haraka haraka haina baraka. Ilichemka, ikaruka. Miwani yetu ya kujikinga ilikuwa wazi pembeni. Asidi ikapenya jicho langu la kulia. Iliwaka kuliko pilipili. Bomba lilikuwa kavu siku ile, basi mwenzangu yuleyule alinilaza chini, akanimwagia maji ya bidoni, lile dumu letu la akiba, huku analia. Jicho likavimba, likatoa usaha.

Hospitalini daktari aliniambia, "Maman, ile ya kushoto iko muzima. Ya kuume haitaona tena."

"Na kazi yangu?"

"Ile sijue, maman."

Mama yangu anaishi Kilwa, ile ya huku kwetu, si ya pwani, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Alinipigia simu: "Mutoto wangu, motoka zimekwama mu matope. Ukule, unasikia?" Wagonjwa wengine walikuwa na ndugu zao, waliolala chini ya vitanda vyao. Mimi niligeukia ukuta. Upweke uliniuma kuliko kidonda.

Nyumbani, mtaani Makomeno, nilijaribu kumimina maji kwenye chupa. Nikamimina mezani. Jicho moja halijui umbali. Nililia, nikapangusa, nikarudia, hadi nikajifunza kugusisha kwanza mdomo wa kikombe na mdomo wa chupa, ndipo niinamishe.

Kazini chef, mkuu wetu wa maabara, alinipa kazi ya kuosha vyombo. Nikamwomba anijaribu.

"Utaona mustari wa kipimo ku chupa namna gani?"

"Chef, hata weye unafungaka jicho moja juu ya kusoma mustari."

Akacheka, akanipisha. Nilitia asidi ndani ya maji polepole, nikangoja ipoe, nikaongeza maji tone kwa tone hadi mstarini. Akaipima mwenyewe. Ilikuwa sawasawa, na kazi yangu ikanirudia.

Namshukuru Mungu, daktari, na mwenzangu wa bidoni. Ninyi wa maabara, daini miwani inayofunika pembeni. Mwenye mgonjwa, nenda ukakae naye, hata mikono mitupu. Jioni ya siku niliyorudishiwa kazi, nilirudi nyumbani nimejaa furaha, na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Ndiyo maana ninawaambia ninyi.