Alama Nne za Mama Visigino

Mama Visigino hakupewa jina hilo kwa upendo. Walimbandika wahudumu wa wagonjwa wa majumbani, kwa sababu kila alipoingia nyumba ya mtu kukagua huduma, hakuanza na daftari wala sakafu iliyopigwa deki asubuhi hiyo kwa ajili yake. Alisalimu, akaomba ruhusa, akafunua shuka upande wa miguuni, akatazama visigino. Daftari hudanganya, alizoea kusema, na mgonjwa naye hudanganya kwa adabu, lakini kisigino cha mtu asiyegeuzwa kitandani hakina siri. Kwa miaka kumi na tisa wahudumu walimwogopa kama ukoma, na wagonjwa wengi waliepushwa na vidonda kwa sababu yake. Hilo nalisema mapema, maana yanayofuata hayampambi.

Siku moja alikwenda kwa bibi mmoja, fundi cherehani mstaafu, aliyekuwa amepooza upande mzima wa kushoto. Mhudumu wake, binti mwembamba mwenye macho ya usingizi, alikuwa uani akianua nguo. Mama Visigino akafunua shuka. Kisigino cha kushoto kilikuwa chekundu kikielekea weusi, na ngozi imeanza kufunguka, kipenyo cha kifungo cha shati.

"Anakugeuza mara ngapi, bibi?"

"Mara nyingi."

"Bibi!"

"Akipata nafasi." Yule bibi akageuza uso ukutani. "Ana wagonjwa saba, mtoto wa watu. Usimwandike vibaya."

"Nikiandika anavyostahili, ni mbili."

Wote wawili walijua maana ya mbili. Mhudumu aliyepata chini ya tatu kati ya tano huondolewa, na mgonjwa huwekwa kwenye orodha ya kusubiri mwingine. Mwaka uliotangulia Mama Visigino alimpa mbili mhudumu wa mzee mmoja, dereva wa zamani, tena kwa haki kabisa. Mwingine hakuletwa kwa wiki tano, na jirani ndiye aliyemkuta mzee sakafuni, mwili umeshapoa. Tangu hapo kalamu ilikuwa nzito mkononi mwake.

Bibi akamshika kwa ule mkono wake mzima. "Mwanangu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Huyu angalau ananipa chai, ananisemesha. Akiondoka, mlango ule utafunguliwa na nani?"

Wewe ungeandika nini? Mimi sijui, na wanaojua haraka siwaamini. Mama Visigino alimwita mhudumu, akamkaripia mpaka akalia, akamwonyesha namna ya kuweka mto chini ya mguu ili kisigino kisiguse godoro, akamwapisha. Kisha akaandika nne. Hakuandika tatu, kwa kuwa tatu huzua maswali ofisini. Penye "hali ya ngozi" akaandika "nzuri".

Alipanga kurudi wiki inayofuata. Wiki hiyo alikuwa na nyumba kumi na moja, na iliyofuata kumi na tatu. Kiapo cha binti nacho kilidumu siku chache tu. Wiki ya tano bibi akapelekwa hospitali akiwa na homa kali, kidonda kimefika mfupani, na hakurudi.

Baada ya mazishi mtu mzima mmoja alisimama mlangoni pa ofisi na bahasha mkononi. Alikuwa mdogo wake bibi, aliyesafiri siku mbili. Mama Visigino akajua yamemfika, na kwa kweli alikuwa tayari.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimkagua dada yangu?"

"Ni mimi."

"Nimekuja kukushukuru, mama."

Ndani ya bahasha mlikuwa na ripoti ya Mama Visigino mwenyewe, ile nakala inayotumwa kwa ndugu, ambayo kwa miaka yote hakuwahi kufikiri kuna anayeisoma.

"Chumba nilishamtayarishia," yule mtu akasema. "Mke wangu alining'ang'aniza, kamchukue dada, watu hawaaminiki. Basi ikaja hii. Ngozi nzuri, alama nne! Nikamwambia, dada yuko mikono salama, tusimtese na safari, tungoje mvua ziishe." Akapangusa macho. "Mlifanya mlichoweza. Kazi ya Mungu haina makosa."

Hapa ningependa kukuambia kwamba alikiri. Kinywa alikifungua, hilo ni kweli. Lakini yule mtu alikuwa amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, kaka yangu," akasema.

Yule mtu akaikunja karatasi taratibu, akauliza kama anaweza kubaki nayo, iwe kumbukumbu.

"Baki nayo," akasema Mama Visigino.