Dirisha la Mama Honorine

Nilikaa ghorofa ya juu yao miaka mingi, pale gatini Rouen, kwa hiyo mtu asiniambie Sidonie alikuwa na roho mbaya. Hakuwa nayo. Alikuwa na chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama mto, na mchoraji kutoka Paris alipopita akitafuta dirisha kama hilo, akampangishia. Tatizo ni kwamba dirisha lilikuwa na mwenyewe.

Mama Honorine, mama mkwe wake, alifua nguo za watu mtoni tangu usichana mpaka miguu ikamgoma. Tangu hapo alihamia dirishani. Mabaharia wa mashua za mkaa aliwatambua kwa kofia zao, akawatania, nao wakamrudishia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Sasa mwanawe Anthime, mumewe Sidonie, akambeba mgongoni hadi chumba cha nyuma, kati ya jiko na ngazi, ambako dirisha linatazama ukuta. Ni majira ya baridi tu, akamwambia. Mimi nilisema mengi, lakini jirani husikilizwa na nani?

Mchoraji, Bwana Gustin, alikuwa mtu wa kupaparika. Aliupenda ukungu wetu uliochanganyika na moshi wa viwanda, ambao sisi unatukohoza tu. Alfajiri alianza picha moja. Jua likipanda kidogo, akaiweka kando na kushika nyingine, maana nuru ilikuwa imeshabadilika. Rangi nyeusi hakuigusa. Daraja alilifanya kwa buluu na zambarau, jua kwa michirizi miwili mitatu ya rangi ya chungwa. Chumba kilipojaa, picha mbichi zikahamishiwa kwa Mama Honorine zikauke kwa joto la jiko. Akazidi kubanwa. Nilikuwa nikiingia mle napata hasira.

Asubuhi moja nilimkuta ameikazia macho mojawapo.

"Huyu bwana anachora nini?" akaniuliza. "Mbona naona madoa tu, kama aproni ya mpishi?"

Siku hiyo ukungu ulikuwa umezidi hata mchoraji akakosa cha kuchora, akawa jikoni anakunywa kahawa na Anthime. Akamsikia, akacheka. Akaeleza kwamba picha zake hazitazamwi karibu, zinataka nafasi. Nafasi ndiyo tuliyokosa, kitanda kilikuwa kimegusa kuta mbili. Basi akafungua mlango wazi, akaibeba picha hadi mwisho wa ujia, akatugeuzia.

Sitaki kumsifu, lakini nilishtuka. Madoa yakawa mto. Daraja likajitokeza nusu, maji yakawa yanatetemeka chini ya jua, na ule ukungu nikausikia kooni. Mama Honorine alinishika mkono huku machozi yanamtoka. Nikafurahi, nikadhani yameisha, amepata mto wake.

Kisha akamuuliza mchoraji:

"Huu ukungu unatoka lini?"

"Hautoki, mama," mchoraji akasema kwa fahari. "Nimeushika. Wajukuu wa wajukuu wako wataukuta hivyo hivyo."

Mama Honorine akaniachia mkono.

"Basi na mimi umenifungia humo humo," akasema. "Anthime, nirudishe dirishani."

Sidonie akaingilia kati, akasema kwamba mgeni ameshalipia chumba, kwamba majira ya kuchipua hayako mbali, mama avumilie.

"Naogopa, mwanangu," Mama Honorine akasema, bila kumtazama Sidonie. "Naogopa kufia humu."

Anthime akaweka kikombe chini. Akainama, mama akamkumbatia shingo, wakapita mbele ya mchoraji aliyekuwa bado ameishika picha yake pale ujiani. Mchoraji akajibana ukutani kuwapisha.

Anthime akamketisha mama dirishani. Nje hata gati halikuonekana. Kioo kizima kilikuwa cheupe.

"Umeona sasa, mama?" Sidonie akasema. "Hakuna kitu. Kule angalau ulikuwa na picha."

"Huu utatoka," Mama Honorine akasema, akaomba asogezwe karibu zaidi na kioo.