Tangi la ndege lililolainishwa na spiriti

Ni asubuhi mtaani Tuwan, mjini Kitale, na msumeno unakata bawa la ndege. Anayekata ndiye aliyeiunda ndege yenyewe: Tonny Wepukhulu, fundi wa matangi ya maji ya faibaglasi. Anakata polepole, ameuma meno. Tangi la petroli alilijenga ndani ya bawa, na hakuna njia nyingine ya kulitoa.

“Roho inauma, bana,” anasema. “Lakini si afadhali bawa kuliko shingo?”

Mazoea yana taabu. Wenye mashine za kusaga mahindi huku hutia spiriti kidogo kwenye petroli msimu wa mvua, ati ifukuze maji. Wepukhulu, mzaliwa wa Bungoma, alianzia kazi kwenye mashine hizo. Basi ndege yake nayo akaitilia.

Spiriti ikalishambulia tangi. Resini aliyotumia kugandisha faibaglasi, ileile ya matangi ya maji, ikalainika, ikatoa utomvu na kuziba kabureta. Mwezi uliopita, akiikimbiza ndege kwenye shamba lililovunwa karibu na Moi's Bridge, injini ilizimika magurudumu yakikaribia kuacha ardhi. Ingezimika juu ya mto Nzoia, leo tungekuwa tunaandika tanzia.

Majirani walicheka, wengine wakamshauri auze injini. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wepukhulu aliagiza resini ya epoksi kutoka Nairobi, akatia vipande vya resini zote mbili kwenye chupa za jemu zenye petroli na spiriti.

Kila Jumapili wakitoka kanisani, mkewe Edah huvitoa na kuvibonyeza kwa ukucha. Kile cha zamani hubonyea kama muhogo uliochemshwa. Cha epoksi bado kigumu.

“Mimi ndio inspekta,” Edah anasema. “Ikibonyea, hakuna mtu anapaa. Sitaki kuwa mjane juu ya tangi.”

Wepukhulu haoni ubaya. Tangi jipya litakuwa la epoksi, litafungwa kwa mikanda ili litoke bila msumeno, na spiriti hataigusa tena.

“Nikipewa kibali na serikali, naruka mpaka Bungoma, mama aone,” anasema. “Kiti ya nyuma nitaweka gunia ya mahindi, ndio uzito ikae sawa.”

Edah anakibonyeza tena kipande cha epoksi, safari hii kwa nguvu zake zote. Anakiangalia, kisha anamgeukia mumewe.

“Hiyo gunia utatoa,” anasema. “Nitakaa mimi.”