Nilivyokwenda China Kumchukua Binti Yangu

Nilikwenda China kumchukua binti yangu. Alikuwa amemaliza chuo, na mimi nina gesti ya vyumba tisa hapa Mpanda ambayo magoti yangu hayaitaki tena. Mpango niliupanga peke yangu: turudi wawili, nimkabidhi funguo, nipumzike. Yeye aliomba jambo moja tu. Kabla ya kuzungumzia safari, tukalale siku tatu kwenye nyumba ya wageni huko milimani, nikaone mandhari.

Mandhari yenyewe ilikuwa majaruba ya mpunga. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Watu wametoka mijini na makamera yao, wamelipia chumba chenye dirisha kubwa, ili waamke alfajiri waangalie mpunga! Kwa wajomba zangu Usevya tunauangalia bure, tena tumeinama. Lakini nilipochungulia vizuri nikainuka. Majaruba yalipanda mlima mzima kama ngazi, kila moja limeshika maji yake, na sikuona bomba wala mashine. Nikang'ang'ana kuuliza maji yanapandaje. Kumbe hayapandi. Yanatoka msituni huko juu, na jaruba likijaa linamwagia la chini yake.

Mimi nikilala gesti ya mtu lazima nipekue. Nilibonyeza godoro, nikanusa taulo, nikageuza mto kuona mshono. Mwenye nyumba, mama wa rika langu, akaniletea chupa ya chai. Nikamimina: maji matupu, ya moto. Kwangu mgeni akiletewa maji ya moto ni ya kuoga, kwa hiyo nikashukuru, nikayachanganya na ya baridi, nikaoga. Nilipotoka nikaomba chupa nyingine, maana hayakufika mgongoni.

"Mama, hayo ni ya kunywa!" binti yangu akasema.

"Bila majani?"

"Bila chochote."

Mwenye nyumba alipotafsiriwa alicheka, akanipiga begani. Nikampenda palepale, jambo lililonisumbua baadaye.

Asubuhi ya pili nilishuka kusaidia kuosha vyombo. Kwetu mwanamke akishalala siku moja kwa mwenzake, ya pili anashika kazi, la sivyo atasemwa. Mwenye nyumba akanizuia mlangoni pa jikoni, akanirudisha mezani kwa heshima zote. Sawa, mimi ni mgeni. Lakini binti yangu alipita mlango uleule bila kubisha, akafungua kabati bila kutafuta, akatoka na bakuli zinazotosha watu wote waliokuwa mezani. Mbwa wa pale alimfuata nyuma.

Nimepokea wageni miaka ishirini. Mgeni namjua, na mtu wa nyumbani namjua.

"Umeshaanza kazi hapa?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakuja likizo kusaidia, mama. Sasa wanataka nibaki, niwe napokea wageni wa kutoka nje. Miaka miwili."

"Na gesti?"

"Ndo maana nimekuleta. Nilitaka upaone kwanza, halafu ndo useme hapana."

Sikusema hapana. Ndiyo pia sikuisema. Nilimkasirikia kwa kunipeleka kwenye mandhari kama mtoto anayepewa pipi kabla ya sindano. Nilikasirika zaidi kwa sababu godoro lilikuwa zuri kweli, yule mama alikuwa mtu mwema kweli, na huko jikoni mwanangu alikuwa akicheka kicheko ambacho miaka yote minne ya chuo sikuwahi kukisikia kwenye simu.

Siku ya kuondoka alinifungulia kwenye simu yake sehemu ambayo wageni hutoa nyota na maoni. Akaniambia niandike chochote, tena kwa Kiswahili, hakuna shida. Nikatoa nyota zote tano. Halafu nikaandika kwa kidole kimoja, polepole: Chumba kisafi. Chakula kizuri. Mhudumu wenu ana mama Mpanda, mpeni likizo.

Mwenye nyumba alitaka kujua nimeandika nini. Binti yangu akachukua simu, akaanza kumsomea kwa Kichina, chumba, chakula, bila kujikwaa. Alipofika mstari wa mwisho akainamisha kichwa, na Kichina chote cha miaka minne kikamwishia mdomoni.