Pua Iliyomhukumu Wanjala

Baba yangu, Zephaniah Mwakio, hakuwahi kumeza wiski hata tone. Alikuwa ameokoka, na mama yangu Tryphena alikuwa katibu wa akina mama kanisani kwetu Wusi. Lakini kwa miaka kumi na mmoja alisimamia baa ya klabu ya mameneja katika shamba moja la mkonge karibu na Voi, na toka Voi mpaka Taveta hapakuwa na mtu aliyeijua wiski kama yeye. Alinusa, akasukutua, akatema.

Nyanya alipika mbangara, pombe yetu ya miwa, kabla hajaiacha, na baba ndiye mtoto aliyeitwa kunusa mtungi kama umeiva. Meneja wa shamba, Mskoti aliyeitwa Bwana Lorimer, alikigundua kipaji hicho mwaka wa 1966. Alipenda wiski za kwao za shayiri tupu, zile ambazo kila kiwanda hupika yake bila kuchanganya na ya mwingine. Akamfundisha baba: hii ni ya bondeni, hii ni ya kisiwani, ambako shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi. Baba akazihifadhi kichwani kwa harufu za kwetu. Moja ilikuwa ndizi mbivu za Mboghoni. Nyingine, mahindi yaliyoning'inizwa juu ya moto jikoni.

Kila Agosti, Jumamosi alasiri, mameneja wa mashamba jirani walikuja kushindana. Glasi sita, zina namba tu. Wao walibabaika. Baba, ndani ya koti lake jeupe, alizitaja zote, akaeleza ipi imekomaa, ipi bado kali, ipi ililala kwenye pipa bovu. Walimpigia makofi.

"Sifa zile zilinilewesha," aliniambia miaka mingi baadaye, "na mimi nilidhani ulevi nimeuepuka."

Msaidizi wake alikuwa Wanjala, mtu wa Busia, ambaye babake aliletwa Voi na kazi ya reli. Tuliishi nao nyumba moja yenye milango miwili. Mkewe, Ajiambo, aliwahi kumnyonyesha mdogo wangu mama alipolazwa.

Mwaka wa 1972 lilikuja sanduku la wiski ya kisiwani, chupa sita, kutoka kiwanda ambacho baba alikuwa hajawahi kuonja wiski yake. Siku ya mashindano Wanjala alifungua chupa ya kwanza. Bwana Lorimer akaionja, uso ukamkunjamana.

"Hakuna moshi. Hii imechezewa. Mwiteni Mwakio!"

Baba alikuwa na mafua. Aliinua glasi mbele ya wageni wote, akanusa, asisikie harufu yoyote. Angeweza kusema, "Bwana, nina mafua." Maneno matatu tu. Lakini watu walikuwa wakimtazama, na pua ile ndiyo iliyokuwa heshima yake.

"Haya, ni yenyewe, au mtu ameimwaga akajaza takataka?" Bwana Lorimer akauliza.

"Si yenyewe, Bwana."

Wanjala akamgeukia. "Baba Mable?" alimwita kwa jina langu, basi.

Wanjala alifukuzwa kwa barua, na Jumatatu mlango wa pili wa nyumba yetu ulikuwa wazi na ndani hamna kitu. Ajiambo alikuja kumuaga mama, lakini baba hakutoka chumbani.

Wiki tatu baadaye pua ilikuwa imezibuka. Baba alivunja mwenyewe lakiri ya chupa ya pili. Ikanukia asali na chumvi, bila moshi hata kidogo. Akafungua ya tatu, ikawa vilevile. Kiwanda kile, ingawa ni cha kisiwani, hakikutumia moshi. Chupa ya Wanjala haikuwa na kasoro.

Alimpelekea Bwana Lorimer glasi mbili. Mzungu alionja, akaziweka mezani.

"Tumwandikie Wanjala, Bwana," baba akasema.

"Halafu watu waseme nini kuhusu klabu? Yamepita, Mwakio."

"Ndiyo, Bwana."

Ile "ndiyo" ilimtesa kuliko uongo wa kwanza. Siku ya mashindano aliogopa ghafla. Mara hii alikuwa amepata nafasi ya kufikiri.

Ilipofika 1979, Bwana Lorimer alikuwa amerudi kwao na baba ameacha kazi. Mimi nilikuwa mwalimu huko Chawia. Likizo ya Agosti akaniomba nimsindikize Busia. Tulimkuta Wanjala akitengeneza baiskeli kando ya soko, mikono myeusi kwa grisi. Kwa ile barua ya kufukuzwa, hakuna hoteli iliyokubali kumwajiri. Alitupeleka nyumbani bila kuuliza tumefuata nini, na Ajiambo akatupikia samaki.

"Nimekuja kuungama," baba akasema. "Siku ile pua ilikuwa imeziba. Sikusikia chochote."

"Najua. Ulikuwa unapiga chafya tangu Alhamisi. Nilikuwa nikingoja useme."

"Na chupa ilikuwa sawa."

"Hilo nalo nilijua, si ni mimi niliyeifungua?"

Baba alianza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya nyanya. Wanjala alimsogezea sahani.

"Kula, Baba Mable, samaki anapoa. Kusamehe, nimekusamehe zamani. Lakini usiniambie yamekwisha, maana Hudson wangu aliacha shule darasa la sita, na sasa anabeba magunia hapo mpakani."

Baba alikula. Nadhani hakujua alichokuwa akila.

Ajiambo alitusindikiza mpaka barabarani, akanipa dagaa wa omena nimpelekee mama. Tukiwa tunangoja basi, alisema taratibu, kana kwamba anazungumza nami peke yangu:

"Mwaka wa kwanza mume wangu alikuwa akienda posta kila Ijumaa. Aliniambia, Mwakio ataandika, namjua."

Baba aliangalia chini. Basi lilipofika alipanda bila kuaga, ikabidi mimi nimuage Ajiambo kwa niaba yake.